Ncha ya Sindano Namba Kumi na Nane

Gauni mlilonishonea siku ya kuniaga linanibana kwapani. Sisemi hivi kwa kukosa shukrani. Kitenge ni kizuri, rangi mmenichagulia ya mtu mzima, na keki ililiwa ikaisha. Lakini jamani, chumba kizima cha mafundi, watu wanaoshona kutwa, mnakaa kumshonea mwenzenu gauni moja, mkono wa kulia unapandishwa mahali pa mkono wa kushoto, na hapatikani hata mmoja wa kusema ngojeni kwanza. Nililivaa kanisani Jumapili iliyofuata. Ilipofika wakati wa kutakiana amani, niliwapa watu mkono nikiwa nimebana kiwiko ubavuni, na padri alidhani ninaumwa.

Yule binti wa ofisini aliniomba niandike ukurasa mmoja kuhusu miaka yangu kiwandani, akasema niweke mafanikio na picha. Picha sina. Mafanikio awaulize wenyewe waliokuwa wanapewa vyeti. Mimi nitaandika kuhusu sindano, kwa sababu kuna jambo ninyi wa laini hamjaelewa, nimelisema kwa mdomo mpaka nimechoka, na mnanijua sichoki upesi.

Niliingia mjini Shinyanga nikiwa msichana kutoka upande wa Kagongwa, kwetu wakulima wa pamba. Nilifikia kwa shangazi, mtaa wa Kambarage. Masista wa parokia walikuwa wamenifundisha kushona vitambaa vya meza, kwa hiyo nilijiona fundi. Kiwanda wakati huo kilishona mashati na sare za shule, na asubuhi yangu ya kwanza nilipelekwa kwa mama mmoja wa Tabora, mnene, mpole wa sauti, kanga begani. Huyo ndiye Bi Zuhura, aliyekuwa anafundisha wageni wote.

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba. Umewahi kushona?”

“Ndiyo, ninajua kushona.”

“Hujui,” akasema, bila hata kunitazama, akanivutia kiti.

Alitoa uzi wote kwenye cherehani. Akachukua karatasi ya mfuko wa saruji, akachora mistari kwa penseli, akaniambia nishone juu ya mistari hiyo kwa sindano tupu. Nitoboe tu. Nilitoboa karatasi siku nyingi kuliko nilivyomwambia shangazi, maana kila jioni aliniuliza leo umeshona nini nami nikamwambia mashati. Mistari ilianza minyoofu, ikaja ya kupinda, kisha ya mviringo. Matundu yakitoka nje ya mstari, Bi Zuhura haongei, anakuletea karatasi nyingine. Nilimchukia mwanamke yule. Leo wageni mnawapa kitambaa cha wateja kuanzia saa ya kwanza, halafu mnashangaa kola zinatoka zimekunja uso.

Alichonifundisha zaidi ya mistari ni namna ya kuvunja sindano. Mnacheka, lakini sindano lazima zitavunjika. Kwake ilikuwa hivi: ikivunjika unasimamisha mashine, unanyanyua mkono. Unakusanya vipande vyote, unavipanga mezani juu ya utepe wa gundi, shina, katikati, ncha, mpaka sindano iwe kamili. Ndipo unapewa mpya. Ncha isipopatikana, laini nzima inasimama na kila mtu anatafuta, kwenye nguo, sakafuni, kwenye nywele. Bi Zuhura alikuwa anapiga magoti pamoja nasi, anatafuta huku anasema bismillahi, na hakuna aliyepewa adhabu. Alishawahi kuona shati lililotoka na ncha ndani ya kola, likamchoma mtoto wa shule shingoni. Alitusimulia mara moja tu, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Basi tulikuwa tunasimama, tunatafuta, tunapata, tunaendelea. Ilikuwa inachosha. Kazi nyingi za maana zinachosha.

Baadaye mitumba ikajaa sokoni. Shati la mtu wa Ulaya aliyelichoka likawa linauzwa nusu ya shati letu jipya, na kiwanda kikafungwa. Bi Zuhura akarudi kwao Tabora. Mimi nikaweka cherehani barazani kwa shangazi, nikashona mapazia, sare za kwaya, na nguo za wateja wanaoleta kitambaa cha mita mbili wakitaka gauni la mita nne. Kuhusu wateja wa aina hiyo ningeweza kuandika kitabu kizima, lakini padri atakisoma.

Kisha migodi ikafunguka, Geita, Kahama, kila upande, na wachimbaji wanahitaji ovaroli. Mwenye mali mmoja akalichukua jengo letu la zamani, akaleta mashine za umeme, nami nikaitwa kusimamia safu ya tatu. Mmeikuta kazi hiyo hiyo: kitambaa kizito cha kaki ya bluu, zipu ndefu, mifuko mingi, na ule mkanda wa riflekta unaong'aa gizani. Pale mkanda unapokutana na mshono wa bega, sindano inapita tabaka juu ya tabaka. Sindano nyembamba haifui dafu. Tulitumia namba kumi na nane, nene, na bado zilikuwa zinakatika kila siku.

Meneja tuliyepewa alikuwa mwanaume wa haraka. Si mtu mbaya. Alikuwa anatusalimia wakubwa kwa heshima na alijua majina ya watoto wetu. Lakini lori la Geita lilikuwa linaondoka Ijumaa, na kwake yeye duniani kulikuwa na siku moja tu, Ijumaa. Alipoona mara mbili laini imesimama kwa ajili ya ncha, akaweka sheria. Atakayepoteza ncha akasimamisha laini, anaondoka kwenye mashine anakwenda benchi la nyuzi.

Benchi la nyuzi ni lile la mlangoni, wanapokaa wa kupunguza nyuzi zilizoning'inia kwa mkasi mdogo. Wa benchini walikuwa vibarua. Oda ikipungua, wao ndio wanaoambiwa wabaki nyumbani, na wengi walikuwa hawaitwi tena. Kwa hiyo kwenda benchi kulikuwa ni kuonyeshwa mlango, ila kwa upole.

“Bwana Meneja,” nilimwambia, “watu watakuwa wanaficha.”

“Watakuwa wanajihadhari, Mama Masanja,” akasema. “Utaona.”

Na kweli tuliona. Ncha ziliacha kupotea. Sindano zilikuwa zinavunjika kama kawaida, lakini kila moja ililetwa kwenye meza yangu ikiwa kamili, imepangwa vizuri kwenye utepe. Meneja alifurahi mpaka akatununulia soda. Niliona ni ajabu kidogo, lakini ukishapewa kiti cha msimamizi watu wanaacha kukuambia mambo. Wanakusalimia vizuri, wanakuuliza hali ya mgongo, na yaliyo muhimu wanayamalizia chooni.

Kwenye safu yangu alikuwepo Milembe. Wengi wenu mnamjua kama Mama Doto, mnaona mwanamke mkimya mwenye miwani. Wakati ule hakuwa mkimya. Alitoka upande wa Bukombe, alikuwa na mapacha waliokuwa ndiyo wameanza shule, na mume aliyekwenda machimboni, huko mbele ya Buseresere, akisema atarudi na dhahabu. Ujumbe wake ulikuwa unakuja kila mwezi, ukawa wa kuja sikukuu, ukawa hauji. Milembe hakumlilia mbele yetu. Alikuwa anashona mabega, kazi ngumu kuliko zote kwenye ovaroli, na alikuwa anaimba nyimbo za Kisukuma kwa sauti ya kuudhi. Kiti kile cha mabega ndicho kilichokuwa kinalisha mapacha. Yeye alijua, mimi nilijua, na jirani yake Mama Joni, aliyekuwa anashona zipu, alijua kuliko sote kwa sababu walipanga nyumba moja.

Ilikuwa Ijumaa, bila shaka. Lori limeegeshwa, utingo amelala chini yake. Nilisikia mashine ya Milembe imekata mlio, kisha akapiga kelele moja fupi. Nilipofika, kidole chake cha shahada, cha mkono wa kushoto, kilikuwa kinavuja damu. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha na kukatika. Nikamwagia spiriti, akang'ata kanga. Kugeuka, Mama Joni tayari ameshapanga vipande kwenye utepe.

“Imekamilika, Mama Masanja,” akasema. “Tazama.”

Nikatazama. Shina, katikati, ncha. Nikamfunga Milembe kidole, nikampa sindano mpya, na lori likaondoka kwa wakati wake. Meneja akaja kumpa pole na kumsifu kwamba hakusimamisha kazi.

Kidole hakikupona. Wiki iliyofuata kilikuwa kimevimba. Nilimpeleka mwenyewe hospitali, na daktari, kijana mtaratibu, akauliza swali ambalo daktari yeyote angeuliza.

“Je, kuna kipande kilichobaki ndani?”

Milembe akatazama sakafu. Mimi nikajibu kwa kujiamini kama shahidi mahakamani.

“Hapana, daktari. Sindano ilitoka yote. Nimeiona kwa macho yangu.”

Basi, kama imetoka yote, ni uchafu wa kitambaa. Akasafisha, akamchoma sindano ya pepopunda, akaandika vidonge. Tukarudi. Milembe akawa anafunga kidole kwa mabaki ya kaki ya bluu na kushona nacho kikiwa kimesimama juu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuongea. Mwenyewe hakuomba. Wimbo ulikwisha. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa na anayekitaka kiti chake, wakataja na jina, na yule aliyetajwa akaacha kula pamoja na wenzake. Nilikasirika mpaka nikaumwa kichwa. Kidole kimoja kimevimba, na watu wazima wanatafuta mchawi.

“Milembe, kidole kinanuka,” nilimwambia siku moja wakati wa chai.

“Kinapona, mayu,” akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

“Kinapona kwa kunuka?”

“Yaya, hapana, Mama Masanja, niache tu. Leo kuna mabega mengi.”

Nilimshika mkono nikamtoa kwenye kiti, mbele ya watu, sikujali. Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mpaka hospitali. Yule daktari alipofungua kitambaa alisogeza taa karibu. Juu ya kidole nyama ilikuwa imebadilika rangi, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda mkononi. Akasema vidonge vimeshindwa bila sababu anayoiona, na hawezi kungoja ule mstari ufike kiwiko. Kesho asubuhi kidole kikatwe, chote, kuanzia kwenye kiganja. Akauliza tena kama tuna uhakika hakuna kilichobaki ndani. Milembe akafumba macho. Nami, Mungu anisaidie, nikajibu tena kwa niaba yake. Wakamlaza.

Nilirudi kiwandani kuchukua kanga yake na kuwaambia wenzake. Sikuwa na maneno matamu. Nilisimama kwenye safu nikasema zimeni mashine, wakazima.

“Kesho wanamkata Milembe kidole. Chote. Daktari hajui ugonjwa umetoka wapi, kwa hiyo anakata. Atakayetaka kumwona aende leo.”

Kisha Mama Joni akasimama. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo yalikuwa yanamkwama.

“Mama Masanja, ile ncha.”

“Ncha gani?”

“Ile niliyokupangia. Haikuwa yake. Ilikuwa yangu.”

Sikuelewa. Nadhani uso wangu ulionyesha, maana aliinua upindo wa aproni yake, akauvuta uzi kwa meno, na ncha za sindano zikamwagika mezani. Nyingi. Za namba kumi na nane, za namba kumi na nne, zilizopinda na zilizonyooka. Akaanza kulia na kueleza kwa wakati mmoja. Tangu sheria ya meneja, kila mtu alikuwa na akiba. Ukipata ncha sakafuni, unaihifadhi. Mwenzako akipoteza yake, unamwazima, anakamilisha sindano, anaokoka na benchi. Ilikuwa huruma. Ilikuwa ushirika wao. Siku ile ncha ya Milembe haikuonekana, wote wawili walidhani imeanguka, na Mama Joni akatoa moja upesi kabla sijafika ili watoto wa mwenzake wasilale njaa.

“Na kidole kilipovimba?” nikamwuliza.

“Nilifikiri uchafu. Wewe mwenyewe ulisema daktari kasema uchafu.”

“Daktari alisema uchafu kwa sababu mimi nilimwambia sindano imetoka yote! Na mimi nilisema hivyo kwa sababu wewe ulinipangia!”

“Na Milembe hakusema,” akalia, “kwa sababu akisema nitafukuzwa mimi.”

Nikawatazama wengine. Hakuna aliyenitazama. Mmoja akashika upindo wake, wa pili akashika wake, na kwa muda kidogo safu yangu yote ilikuwa inakata uzi kwa meno. Jamani, nimekasirika mara nyingi maishani, lakini hasira ya siku ile sijawahi kuipata tena. Nilikuwa nimekasirika na Mama Joni, na Milembe, na meneja, na lori la Geita, na kila mmoja wao alikuwa na sababu nzuri. Hata kumpiga mtu nisingejua nianze na nani.

Nilimchukua Mama Joni kama alivyo, na aproni yake, tukapanda bajaji. Daktari alisikiliza maelezo yetu huku ameshika paji la uso. Akaagiza picha ya eksirei. Alipotuita dirishani na kuinua ile picha, hata mimi nisiyejua kusoma picha niliiona. Kamstari keupe, kembamba, kamesimama ubavuni mwa mfupa.

“Mama,” akaniambia, na sikupenda sauti yake, “nilikuuliza mara mbili.”

Walipasua jioni ile ile. Ncha ilitoka. Usaha ulitoka. Kipande cha juu cha kidole, kile chenye ukucha, kilikuwa kimekwisha kufa, wakakikata, lakini kidole kilichobaki kikapona, na mkono ukapona. Milembe alipoamka alimwona Mama Joni ameketi sakafuni kando ya kitanda, na jambo la kwanza alilosema ni kumwuliza kwa Kisukuma kwa nini amesema. Nilitoka nje ya wodi. Ningebaki ningewakaripia wote wawili, na mmoja alikuwa mgonjwa.

Jumatatu meneja alitaka majina ya wenye akiba. Nilimwambia aandike safu ya tatu yote, kisha aende safu ya pili na ya kwanza, na akimaliza ashone ovaroli za Geita mwenyewe. Akasema kiwanda hakiwezi kuvumilia udanganyifu. Nikamwuliza ni lini mara ya mwisho ametafuta ncha kwa magoti. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Sitasema nilimshinda kwa hoja, aliangalia kalenda, akaona Ijumaa inakuja. Benchi la nyuzi likaacha kuwa adhabu. Yeye kwa upande wake akanunua sumaku kubwa kama tofali, akajivunia, akasema sasa tatizo limekwisha. Sumaku ile ilinasa vibanio vya nywele, vifungo vya bati, na kijiko changu cha chai kilichokuwa kimepotea tangu mfungo. Ncha ilinasa mara chache.

Milembe aliporudi, meneja alimwonea huruma, akamwambia apumzike benchini, kazi nyepesi, kiti chake atapewa mwingine. Alisema kwa wema. Milembe alinitazama tu, na nilijua anahesabu miezi mingapi kibarua hudumu. Nikamwomba meneja anipe wiki chache. Kidole cha shahada cha kushoto ndicho kinachoongoza kitambaa kuingia chini ya mguu wa cherehani, na chake kilikuwa kifupi na hakina hisia. Nikatafuta mfuko wa saruji. Nikachora mistari. Nikatoa uzi kwenye mashine, nikamweka Milembe, fundi wa mabega, ashone karatasi kwa sindano tupu, aongoze kwa kidole cha kati. Alinitukana. Matundu yalikuwa yanakwenda Mwanza wakati mstari unakwenda Tabora. Mama Joni akawa anakula chakula chake haraka ili amchoree karatasi nyingine. Mwisho matundu yakarudi mstarini, na Milembe akarudi kwenye mabega. Wimbo haukurudi.

Mapacha wamesoma. Kulwa anafundisha shule Kahama, Doto ana duka la vifaa. Baba yao sijui. Meneja yule aliondoka, wakaja wengine, Mama Joni akafariki kwa presha, Mungu amrehemu, na mimi nikaendelea kukemea safu hadi mmenipa lile gauni.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya nishike hii kalamu. Katika wiki yangu ya mwisho, mkasi wangu ulianguka, nikainama chini ya meza ya safu ya tatu kuuokota. Mbele ya pua yangu kulikuwa na upindo wa aproni ya mmoja wenu. Ulikuwa umevimba. Nikaugusa kwa kidole, ukanichoma.

Sitaandika jina lake. Mwenyewe anajijua, na ni fundi mzuri. Nilinyanyuka polepole, magoti haya, nikamwuliza ni nini.

“Akiba tu, bibi.”

“Nani atakupeleka benchi? Adhabu ile ilishafutwa wewe hujazaliwa.”

Akacheka kidogo, kwa aibu. “Si benchi, bibi. Ila nikisimamisha laini Ijumaa wenzangu watanisonya mpaka jioni. Unajua walivyo.”

Ninawajua. Nimewasikia. Hakuna meneja tena katika jambo hili, ni sisi kwa sisi, kwa misonyo, kwa kuambiana kwamba fulani ni mzito anatuchelewesha. Nilifungua mdomo nimkaripie, kisha nikaona si mimi wa kumwambia. Nikaenda kumwita Milembe.

Alikuja na miwani yake, akavuta kiti, akakaa karibu na yule binti. Hakuhubiri. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, pale pale kwenye mwanga wa mashine, akanyoosha vidole vyote, kile kifupi kikiwa katikati ya wenzake. Binti akakitazama. Kumbe miaka yote aliyofanya kazi meza ya nyuma yake, alikuwa hajawahi kuuliza.

“Toa, mwanangu,” Milembe akasema.

Binti akakata uzi. Ncha zikamwagika juu ya kaki ya bluu, na nyingine zilikuwa zimeshika kutu, nyekundu kabisa, za zamani kuliko ajira yake.

“Hizi si zako,” nikasema.

“Nilipewa siku ya kwanza,” akajibu. “Na dada aliyekuwa anaacha kazi. Aliniambia yeye pia alipewa.”

Milembe alizisogeza zile zenye kutu kwa kidole chake kifupi, moja baada ya nyingine. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema anazitazama tu, za Mama Joni zilikuwa nyingi, na siku ile zilipomwagika mezani hakuna aliyekumbuka kuzitupa.